Wakristo wa Bukini na Malkia Ranavalona

Ng'ambo ya mlango wa bahari wa Msumbiji kuna kisiwa kikubwa kiitwacho Madagaska. Wazee wetu wa Pwani walikiita Bukini, na vyombo vyao vilikwenda huko na kurudi kwa pepo za msimu, vikichukua mchele na bidhaa nyingine, na, kwa kuwa historia haina ruhusa ya kuficha aibu, vikichukua watumwa pia. Nakuomba, msomaji, tupande pamoja kutoka pwani ya kisiwa hicho, yenye joto na homa, mpaka nyanda za juu zilizo katikati, katika mji wa Antananarivo, tukaone mambo yaliyotendeka huko baina ya mwaka 1835 na mwaka 1861. Kwa muda wa miaka 26 serikali ya nchi hiyo iliikataza dini ya Kikristo kwa adhabu ya faini, minyororo, utumwa na kifo. Wakristo hawakuachiwa kanisa, wala mchungaji kutoka ng'ambo, wala balozi wa kuwaombea. Katazo lilipoanza, waliobatizwa walikuwa mia chache tu. Lilipokwisha, wafuasi wa dini hiyo walikadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 7,000. Mtu asiyeshangazwa na hesabu hiyo hakuitazama vizuri.

Mambo haya hayafahamiki bila kumjua mfalme aliyetangulia. Katika nyanda zile za juu wakaa watu waitwao Wamerina. Mfalme wao Andrianampoinimerina aliunganisha falme ndogo ndogo zilizokuwa zikipigana, akafa mwaka 1810, akamwachia mwanawe Radama kazi ya kuzifikisha mipaka za nchi baharini. Radama alikuwa kijana mwenye akili nyepesi na tamaa kubwa. Alitaka bunduki, askari waliofunzwa, mafundi na elimu ya kuandika. Mwaka 1817 alifanya mapatano na Waingereza waliotawala kisiwa cha Mauritius, naye akakubali kukomesha kuuza watumwa nje ya nchi ili apate silaha na walimu. Basi dini mpya iliingia Bukini ikiwa imefuatana na mapatano ya kifalme. Jambo hili tulikumbuke, maana litaturudia mbele.

Wamisionari wa kwanza, David Jones na Thomas Bevan, walikuwa vijana wawili wa Wales waliotumwa na Chama cha Misheni cha London. Walishuka pwani mwaka 1818 katika bandari ya Tamatave, pamoja na wake zao na watoto wachanga. Homa ya pwani haikuwangoja. Kabla ya kupita miezi mingi Bevan alikuwa amekufa, na mkewe, na mtoto wao, na mke wa Jones, na mtoto wake. Akabaki Jones peke yake, mgonjwa. Mwenye busara ya dunia angalirudi kwao. Jones alikwenda Mauritius kujiuguza, na mwaka 1820 akarudi, akapanda mpaka Antananarivo, na mwezi wa Desemba akafungua shule yenye watoto wachache tu. Mfalme aliipenda kazi hiyo. Shule zikaongezeka mpaka zikawa na wanafunzi maelfu.

Lugha ya Kimalagasi ilikuwa imeandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu na waganga na waandishi wa pwani ya kusini mashariki, kama vile Kiswahili kilivyoandikwa. Lakini ujuzi huo ulikuwa siri ya watu wachache. Mwaka 1823 Radama aliamua kwamba lugha yake iandikwe kwa herufi za Kirumi. Kwa kuwa baadhi ya walimu wake walikuwa Waingereza na mwingine Mfaransa, nao hawapatani, alikata shauri kama Suleimani: konsonanti zisomwe kwa namna ya Kiingereza, na vokali kwa namna ya Kifaransa. Mtambo wa kupiga chapa uliletwa mwaka 1826. Mpiga chapa aliyefuatana nao, Charles Hovenden, alikufa karibu mara tu ya kufika. Mitambo haipigi chapa yenyewe, lakini wamisionari na vijana wa nchi walijifunza kazi hiyo, na mwaka 1830 Agano Jipya likatoka katika lugha ya Kimalagasi. Biblia nzima ilikamilika mwaka 1835. Uiweke tarehe hiyo karibu na yetu: Biblia nzima ya Kiswahili ilipatikana mwaka 1891, yaani miaka 56 baadaye.

Radama alikufa mwaka 1828. Mkewe Ranavalona alikalia kiti cha ufalme, na wapinzani wake wakauawa upesi.

Vitabu vingi vimemwita malkia huyu mwenda wazimu aliyekuwa na kiu ya damu. Mimi siwezi kuridhika na maelezo hayo, si kwa sababu hakumwaga damu, maana alimwaga nyingi, bali kwa sababu mwenda wazimu hatawali nchi kubwa kwa miaka 33 ilhali mataifa yenye manowari yanabisha hodi mlangoni mwake. Mwaka 1829 Wafaransa walishambulia bandari zake za pwani ya mashariki. Malkia aliamini kwamba kuna mambo mawili yanayoishika nchi yake isianguke: mizimu ya wahenga waliomtangulia, na zile hirizi kuu za ufalme ziitwazo sampi, ambazo kila moja ilikuwa na walinzi wake, miiko yake na siku zake. Mtu aliyeidharau sampi alimdharau mfalme. Na mtu aliyesali kwa Yesu, kwa masikio ya baraza la malkia, alikuwa anamwita mhenga wa Wazungu, akiwaacha wahenga wa nchi. Kwa maneno mengine, sala ilikuwa uhaini.

Mambo yaliyotokea mwaka 1834 yaliwatia wakuu hofu zaidi. Mtu mmoja aitwaye Rainitsiandavaka, ambaye hakuwa mbatizwa wa wamisionari lakini alikuwa amesikia mafundisho yao na kuyachanganya na yake, alikwenda mji mkuu na wafuasi wake, akitangaza kwamba enzi mpya inakuja na kwamba watu wote ni wazao wa baba mmoja na mama mmoja. Aliulizwa kama malkia na watumwa weusi walioletwa kutoka Msumbiji wana asili moja. Akajibu kwamba ndiyo. Kwa jibu hilo yeye na wenzake waliuawa, akiwamo yeye mwenyewe aliyetumbukizwa kichwa chini katika shimo la mpunga na kumwagiwa maji ya moto. Angalia, msomaji, swali lenyewe lilikuwa linahusu nini. Halikuwa swali la mbinguni. Lilihusu ni nani aliye juu na ni nani aliye chini hapa duniani, na kama kitabu kinaweza kulijibu bila kumwuliza mfalme. Watumwa walikwisha kukatazwa kufundishwa kusoma kabla ya hapo.

Hata hivyo malkia hakukata mizizi kwa pigo moja. Alitaka ufundi wa wageni, hakutaka dini yao. Yasimuliwa kwamba wamisionari walipoulizwa wana kitu gani kingine chenye manufaa cha kufundisha, fundi James Cameron alitakiwa atengeneze sabuni kwa vitu vinavyopatikana nchini. Naye akaitengeneza, na sabuni hiyo ikaipatia misheni muda wa kupumua. Haijatokea mara nyingi katika historia ya dini kwamba Injili iliongezewa miaka michache na kipande cha sabuni.

Muda huo ulikwisha tarehe 1 Machi 1835. Siku hiyo watu waliitwa katika baraza kuu katika uwanja wa Mahamasina, chini ya mji. Wamalagasi huliita baraza la namna hiyo kabary, neno linalohusishwa na asili ile ile ya Kiarabu iliyotupa sisi neno habari. Habari ya siku hiyo ilikuwa hii: ni marufuku kwa raia yeyote wa malkia kubatizwa, kushika siku ya Jumapili, kukusanyika kwa ajili ya sala ya Kikristo. Waliokwisha kufanya hivyo wajishtaki wenyewe. Walipewa muda wa mwezi mmoja, kisha muda ukapunguzwa ukawa juma moja. Wageni waliruhusiwa kuendelea na dini yao wao wenyewe na kufundisha kazi za mikono tu. Maofisa wa jeshi waliojishtaki walishushwa vyeo, na wengine wakatozwa ng'ombe na fedha. Kisha vitabu vikadaiwa virudishwe vyote.

Wakati huo Biblia ilikuwa bado mikononi mwa wapiga chapa. Vijana wa nchi waliokuwa wakipanga herufi walizuiwa kufanya kazi hiyo, na wamisionari wakaimaliza wenyewe kwa mikono yao, sehemu iliyobaki ya Agano la Kale, ukurasa baada ya ukurasa. Ilikamilika mwezi wa Juni. Naona picha hii ni ya ajabu: mtambo unalia kupiga chapa kitabu ambacho hapana mtu nje ya mlango anayeruhusiwa kukisoma. Nakala nyingine ziligawanywa kwa siri kwa Wakristo walioaminika, nyingine zikafukiwa ardhini. Mwezi wa Julai mwaka 1836 wamisionari wa mwisho, David Johns na Edward Baker, wakaondoka nchini.

Malkia na washauri wake walikuwa na hoja iliyo wazi. Dini hii imekuja na wageni, wageni wameondoka, mti uliokatwa shina matawi yake hukauka. Hoja hiyo ilikuwa na kasoro moja tu, nayo ni kwamba kile kitabu hakikuandikwa katika lugha ya wageni.

Sasa tutazame jinsi watu walivyoishi. Walikutana usiku, mbali na mji, kwenye vilima, au katika nyumba ambazo mlango wake ulitazamwa na mtu wa nje. Waliimba kwa sauti ya kunong'ona, na Jumapili moja wengine walitembea safari ndefu ili wakutane na watu wachache wa kuaminika. Walijificha ndani ya yale mashimo makubwa ya kuhifadhia mpunga yaliyochimbwa ardhini. Vitabu vilikatwa vipande vipande ili kila nyumba ipate sehemu yake, na karatasi zilizochakaa zilishonwa na kubandikwa viraka kama nguo ya maskini. Waliokuwa na kalamu walinakili kwa mkono. Hata kile kisa maarufu cha John Bunyan cha safari ya Msafiri, ambacho Johns alikuwa amekitafsiri, kilizunguka kwa nakala za mkono kabla ya kupigwa chapa London. Katika wilaya ya Vonizongo, kaskazini magharibi ya mji mkuu, yasimuliwa kwamba Wakristo wa Fihaonana waliificha Biblia yao katika pango walimotengwa wagonjwa wa ndui. Askari waliokuja kupekua walifika karibu, wakaambiwa mahali hapo ni pa nini, wakageuka. Ndui, adui wa kila mtu, siku hiyo alikuwa bawabu wa kanisa.

Mtu aliyeshukiwa aliweza kunyweshwa tangena. Hii ni sumu itokayo katika kokwa ya mti wa jina hilo. Mshtakiwa alimezeshwa vipande vitatu vya ngozi ya kuku, kisha akanyweshwa sumu. Akitapika vipande vyote vitatu ana haki. Akibakiza kimoja ana hatia, ikiwa sumu yenyewe haikumwua kwanza. Kipimo hiki hakikutungwa kwa ajili ya Wakristo. Kilikuwa sheria ya zamani, na chini ya Ranavalona kiliua watu wengi mno ambao hawakuwa na habari yoyote na Yesu wala na Biblia. Wengine wengi walikufa katika vita na katika kazi za shokoa za malkia. Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao wakadiriwa kuwa kati ya 100 na 200. Nasema hivi ili usije ukadhani, kwa kusoma vitabu vya misheni peke yake, kwamba damu ya Mkristo ndiyo iliyomwagika peke yake katika nchi ile.

Wa kwanza kuuawa kwa sababu ya imani hiyo baada ya katazo alikuwa mwanamke, jina lake Rasalama. Ondoa Ra iliyo mwanzo, ambayo ni alama ya heshima katika majina ya Kimalagasi, utaona neno linalobaki unalijua. Alikamatwa mwaka 1837 pamoja na wengine. Alifungwa minyororo iliyokunja viungo vyake pamoja, akaachwa hivyo usiku kucha. Tarehe 14 Agosti alipelekwa Ambohipotsy, kwenye ncha ya kusini ya kilima cha mji. Njiani aliimba, na alipoipita nyumba ya ibada alimobatizwa aliitaja kwa furaha. Pale mahali pa kufia aliomba nafasi ya kupiga magoti, akasali, na katika kusali huko akachomwa mikuki. Katika umati uliomfuata alikuwamo kijana Rafaralahy, ambaye nyumba yake ilikuwa kimbilio la Wakristo. Mwaka uliofuata naye aliuawa mahali pale pale.

Lakini si wote waliokufa, na yafaa kuwatazama hata wale ambao hawakufa. Rafaravavy, mwanamke wa ukoo wa heshima, alikuwa auawe mwaka ule ule wa Rasalama, ila moto mkubwa ulizuka mjini usiku, shughuli za serikali zikavurugika, na hukumu ikacheleweshwa. Baadaye aliuzwa utumwani. Alitoroka, akapita kutoka maficho hadi maficho mpaka pwani, akapanda chombo mwaka 1838, na mwaka 1839 yeye na wenzake wachache walikuwa London, wakitazamwa na makutano ya watu walioshangaa kuona kwamba kanisa waliloliombea lina uso na sauti. Wengine waliojaribu kupita njia hiyo hiyo mwaka 1840 walikamatwa karibu na pwani, na tisa kati yao wakauawa.

Wako pia walioikana imani. Walikuwa wengi. Wengine walikana kwa midomo, kisha wakarudi usiku kwenye shimo la mpunga. Wengine walikana wasirudi. Baba aliyekuwa na watoto alijua kwamba adhabu haimwishii yeye, maana jamaa za mtoro au mkaidi nao waliweza kuuzwa. Vitabu vya historia vina majina ya waliosimama imara, navyo havina majina ya hawa. Hata hivyo sioni kwamba wewe na mimi, tuliokaa kivulini na kitabu mkononi, tuna haki ya kuwahukumu. Yawezekana kabisa kwamba baadhi ya hao waliokana ndio walioficha kitabu.

Mwaka 1844, Ludwig Krapf aliposhuka Mombasa kuanza kazi ya misheni katika nchi yetu, Wakristo wa Bukini walikuwa katika mwaka wa tisa wa giza. Mwaka 1845 manowari za Waingereza na Wafaransa kwa pamoja zilishambulia Tamatave, zikashindwa kuiteka. Vichwa vya askari wao waliokufa vikatundikwa juu ya miti ufukoni, na biashara na mataifa hayo ikafungwa kwa miaka minane. Je, shambulio hilo liliwasaidia Wakristo? Nadhani liliwadhuru. Kila mzinga uliolia baharini ulithibitisha maneno ya malkia kwamba dini ya wageni na jeshi la wageni ni ndugu. Wakristo wenyewe walijitahidi kukanusha. Walitumika jeshini, walifanya shokoa, walilipa kodi, walimwita malkia bibi yao, wakasema kwamba jambo moja tu hawawezi kumpa, nalo ni sala. Malkia aliona kwamba jambo hilo moja ndilo analolitaka.

Dhoruba kuu ilikuja mwaka 1849. Karibu watu 1,900 walipewa adhabu za namna mbalimbali, wengi wao faini na kushushwa vyeo. Tarehe 28 Machi watu 18 walihukumiwa kufa. Wanne kati yao walikuwa wa ukoo wa kifalme, na desturi ilikataza damu ya kifalme isidondoke ardhini; basi wakachomwa moto kilimani Faravohitra. Miongoni mwao alikuwamo mume na mkewe, na mke alikuwa mja mzito. Walioshuhudia walisimulia kwamba mvua ilinyesha ikauzima moto, ukawashwa tena, na upinde wa mvua ukaonekana juu ya mahali pale. Wengine 14 walipelekwa Ampamarinana, jina ambalo maana yake ni mahali pa kutupia. Ni genge refu la mawe lililo chini ya jumba la malkia. Kila mmoja alifungwa kwa kamba, akateremshwa kidogo juu ya shimo, akaulizwa mara ya mwisho kama ataacha kusali. Akikataa, kamba ilikatwa. Msichana mmoja, Ranivo, alikuwa mpendwa wa malkia. Hakutupwa. Alishurutishwa kutazama wenzake wakianguka, na alipoomba awafuate, alitangazwa kuwa amerukwa na akili, akaondolewa mjini.

Sasa, jambo moja ambalo wakuu hawakuwa na dawa yake lilikuwa limo ndani ya jumba lenyewe. Rakoto, mwana wa malkia na mrithi wake, aliwapenda Wakristo, na mara nyingi alituma habari za siri ili watu wakimbie kabla askari hawajafika. Malkia alimpenda mwanawe kupita kiasi; alijua, akafumba macho. Mwaka 1857 baadhi ya Wazungu waliokuwa mjini, pamoja na mwana wa mfalme huyo, walishiriki njama ya kumwondoa malkia. Njama ikafichuka. Wageni walifukuzwa kwa safari ya taratibu kupita katika mabonde yenye homa, na gharama ya hasira ikalipwa na Wakristo wa nchi, ambao wengi wao hawakujua lolote: waliokamatwa waliuawa kwa kupigwa mawe huko Fiadanana, na wengine wakafungwa minyororo mizito wakiwa wameunganishwa pamoja, mpaka mauti yakawatenga.

Ranavalona alikufa mwezi wa Agosti mwaka 1861, kitandani pake, akiwa mkongwe aliyetawala bila kushindwa. Mwanawe akawa mfalme Radama wa Pili, na mara akatangaza uhuru wa dini. Minyororo ikafunguliwa. Walitokea watu porini na mapangoni ambao jamaa zao walikwisha kuwalilia matanga, wengine wamekonda hata hawatambulikani. Walipokusanyika pamoja mchana, mbele ya watu, walistaajabia wingi wao wenyewe.

Ni kitu gani kilichowashika? Huambiwa mara kwa mara kwamba mateso hukuza dini. Mtu aliyesoma historia hawezi kukubali neno hilo kama kanuni. Katika nchi ya Japani, baada ya katazo la mwaka 1614, serikali ilikaribia kuung'oa Ukristo wote kwa mateso. Waliobaki walikuwa jamii chache zilizojificha, ambazo zilijitokeza kwa padre wa Kifaransa huko Nagasaki mwaka 1865, baada ya karne mbili na nusu. Hao walishika imani yao kwa kukariri, wazee wakiwapa vijana sala kwa mdomo, na maneno mengi ya sala hizo yalikwisha kupotea maana yake njiani. Ni kweli kwamba miaka 26 si kitu mbele ya miaka 250. Lakini tofauti nyingine ni kubwa. Mkristo wa Bukini alikuwa na kitabu kizima katika lugha ya mama yake, naye alijua kukisoma, na aliyejua aliweza kumfundisha asiyejua mbele ya moto wa jikoni. Hakuhitaji mgeni amfasirie. Siku wamisionari walipoondoka, dini ile iliacha kuwa dini ya wageni; ikawa ya Rasalama, na ya Rafaralahy, na ya mtumwa aliyekuwa akisoma na bwana wake katika shimo moja. Malkia aliyetaka kuivua dini hiyo nguo za kigeni ili ife kwa baridi ndiye aliyeivika nguo za nchi.

Ningaliweza kukomea hapa, lakini kisa hakikukomea hapa. Radama wa Pili aliuawa mwaka 1863. Mwaka 1868 alitawazwa malkia mwingine, Ranavalona wa Pili, na mwaka 1869 yeye na waziri wake mkuu Rainilaiarivony walibatizwa. Katika mwezi wa Septemba mwaka ule ule, kwa amri ya serikali, sampi za ufalme zikatiwa moto. Makanisa yalifurika. Wakuu wa wilaya waliwahesabu watu kanisani kama walivyowahesabu katika shokoa, na aliyekuwa mvivu wa kuhudhuria aliulizwa sababu. Makanisa ya mawe yalijengwa Ambohipotsy, Faravohitra na Ampamarinana, mahali pa mashahidi wenyewe, na Cameron, yule yule wa sabuni, sasa mzee, alirudi kushiriki katika kazi za ujenzi. Baadhi ya Wakristo wa zamani, waliojifunza kusali kwa kunong'ona, hawakujua la kufanya katikati ya wingi huu wa watu waliokuja kwa sababu malkia amekuja.

Katika vijiji vingi walinzi wa sampi hawakutii amri ya moto. Walizifunga hirizi zao katika vitambaa, wakatoka nazo usiku, wakazificha. Wafaransa walipouteka Antananarivo mwaka 1895 na ufalme ukaanguka, watu wa mashambani walifanya uasi ulioitwa wa shali nyekundu. Waliwashambulia Wafaransa, na pamoja nao waliyachoma makanisa kwa mamia, wakisema kwamba wahenga waliachwa na ndiyo maana nchi imepotea. Na katika kambi zao, miaka 26 baada ya zile amri za moto, baadhi ya sampi zilitolewa mafichoni zikabebwa tena mbele ya watu.